Majina yangu mawili ya .cn na viwanja vya mjomba

Jumanne mama mmoja mwenye gesti kule Mikindani aliingia steshenari kwangu, simu mkononi, jasho linamtiririka. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. "Mwanangu, nisomee hii kwanza. Wachina wanataka kuniibia jina."

Ilikuwa barua pepe, Kiingereza cha kuchechemea, kutoka kwa watu waliojiita wasajili wa domeni, yaani majina ya tovuti, huko China. Walisema kuna kampuni imeomba kusajili jina la gesti yake kwa .cn, ule mwisho wa majina ya China, na .com.cn, .hk na .asia, ila wao kwa uungwana wao wameona wamwulize kwanza mwenyewe. Ajibu ndani ya siku saba.

"Mama, gesti yako ina vyumba vingapi?"

"Sita."

"Mchina wa mwisho kulala pale lini?"

"Yule wa barabara, mwaka juzi."

"Alikupata mtandaoni?"

"Aliletwa na bodaboda."

Hiyo kampuni haipo. Barua ya namna hiyo inazunguka dunia nzima miaka mingi sasa, na ukishajibu tu unauziwa hayo majina yote, tena kwa bei ya kuruka, kwa hofu ya kumzuia mtu ambaye hajazaliwa. Nikamwambia afute, akapumua.

Nilimcheka, lakini haki ya kumcheka sina. Mimi .cn nilinunua mbili, kwa hiari yangu, bila kuandikiwa barua na mtu.

Ilikuwa 2016. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka uliotangulia jina 360.com liliuzwa dola milioni 17, na kwamba 2014 Xiaomi, kampuni ya simu ya China, walilipa milioni 3.6 kuipata mi.com. Usingizi ukakata. Nikajisemea, Wachina wanalipa hivi kwa majina, na jina la .cn mimi nalipata kwa hela ya kuku wawili! Kitu kimoja nilikiruka: majina yote mawili yaliyonikosesha usingizi yanaishia na .com. Wenye hela kubwa wa China wenyewe walikuwa wakikimbilia huko.

La kwanza lilikuwa tarakimu sita tupu, mwisho 88. Wachina wanapenda namba kwa sababu ni rahisi kukumbuka kuliko herufi za kizungu, na zinatamkika kama maneno. Nane inasikika karibu na neno la kutajirika. 51 inasikika kama "nataka", 520 kama "nakupenda". Hata tiketi za treni kwao zinakatwa kwenye 12306.cn. Ni mambo yale yale ya huku kwetu ya kutafuta laini yenye namba nzuri, tofauti ni kwamba kule yana soko lake na madalali wake. Sasa mimi niliona 88 ya mwishoni nikafurahi, sikuangalia katikati, ambako zimekaa nne mbili. Nne kwao inasikika kama kifo. Yaani niliweka dukani jina linalosema kifo, kifo, utajiri, utajiri.

La pili nililibuni mwenyewe na nililipenda zaidi. Korosho kwa Kichina ni yaoguo: yao ni kiuno, guo ni tunda. Nikaunganisha na Mtwara. Rafiki yangu wa Masasi alivyoona ile yao akasema hatimaye Wayao tumeingia intanetini. Lakini korosho ghafi za huku wanunuzi wake wakubwa ni Wahindi na Wavietnam. Kinachokwenda China kwa wingi ni ufuta, na ufuta ni zhima. Miezi saba ilipita kabla sijaambiwa hivyo na karani wa ghala.

Kusajili kwenyewe nako kulikuwa na kisa. China inataka mwenye jina athibitishwe kwa hati yake. Nikatuma kadi ya taifa, ikakataliwa, wakataka pasi ya kusafiria. Sikuwa nayo. Nikaifuatilia pasi kwa ajili ya domeni, na mpaka leo haijagongwa muhuri hata mmoja.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma historia ya .cn, jambo ambalo mwenye akili angelianza nalo. Jina .cn liliandikishwa 1990, na hadi 1994 mtambo wake ulikaa Ujerumani, Karlsruhe. CNNIC, wakala wa China anayesimamia majina hayo, alianza 1997. Mwaka 2007 wakayauza kwa yuani moja moja, watu wakajaza magunia, na mwisho wa 2008 yalikuwa zaidi ya milioni 13. Kangomba tupu, kama ya walanguzi wa korosho: unakusanya kwa bei ya bakuli ukisubiri msimu. Halafu Desemba 2009 ikatoka amri kwamba mtu binafsi hasajili tena, mpaka awe na kampuni. Kufikia mwisho wa 2011 yalibaki kama milioni 3.5. Watu binafsi waliruhusiwa tena 2012, na leo yamepita milioni 20.

Sisi wa kusini hatuhitaji mkalimani hapo. Novemba 2018 tulikuwa katikati ya msimu wa korosho, wanunuzi wakaondolewa, serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa 3,300 kilo, malori ya jeshi yakaingia. Sisemi ilikuwa vibaya au vizuri. Nasema aliyekuwa amepiga hesabu zake Oktoba, zilikufa.

Kwa hiyo jina fupi la .cn, au la namba safi, au neno la Kichina linalosemwa kila siku, lina thamani ya kweli, ila anayelijua ni Mchina, na alilichukua zamani. Kinachobaki kwa mtu wa Magomeni, Mtwara, ni makapi yenye nne mbili. Tena jina hulimiliki. Ni kama kukodi mikorosho: msimu wako ukiisha na hujalipa, mizizi ni ya mwenyewe.

Mjomba wangu alinunua viwanja viwili njia ya Msijute wakati wa homa ya gesi, kabla bomba halijaelekea Dar. Hajapata mteja hadi leo. Nilipomweleza habari ya domeni aliniuliza, "Mpwa wangu, na hapo katikati unapanda nini?" Vya kwake vina muhogo.

Ile ya namba niliiacha ikafa. Yaoguo naendelea kuilipia, na mke wangu hajui, kwa hiyo tuishie hapo.

Yule mama nilimsajilia .co.tz yake. Alipofika mlangoni akarudi, akaniomba ile barua ya Wachina nisiifute kwanza, nimchapishie nakala moja akamwonyeshe mumewe kwamba gesti yao inajulikana mpaka China. Shilingi mia tano.