Umesaini sauti au utunzi?

Huku Kigoma kijana akiniambia "nimesaini", swali langu la kwanza ni hilo. Wengi hunikodolea macho tu. Diamond Platnumz na Alikiba asili yao ni huku, kwa hiyo kila mwenye koo Mwanga na Ujiji anaota lebo. Mchapishaji wa muziki, yaani anayesimamia utunzi, hana wa kumwota.

Mpwa wangu, anayebeba dagaa pale Kibirizi na kuimba usiku, kanitumia mkataba wa lebo moja niusome. Mwanzo ni mambo ya kawaida: lebo italipia studio, prodyuza, video na promosheni, masta (rekodi yenyewe) itakuwa mali yake, gharama zitakatwa kwenye mapato ya msanii kabla hajaona hata senti. Hapo sina ugomvi sana. Aliyetoa hela ya kurekodi anataka rekodi.

Kilichonikera kimejificha karibu na mahali pa sahihi: msanii anaikabidhi kampuni pia mashairi na melodi zake zote, kwa kipindi chote zinacholindwa na sheria. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Huyu bado ndevu hazijakolea. Piga hesabu mwenyewe.

"Si wimbo ni ule ule, mjomba?"

Si ule ule. Chukua "I Will Always Love You". Mwimbaji wa Marekani Dolly Parton aliutunga na kuutoa 1974. Elvis Presley akautaka, ila meneja wake akadai nusu ya haki za utunzi. Dolly akakataa, na mwenyewe amesimulia alivyolia usiku kucha. Mwaka 1992 Whitney Houston akaurekodi upya kwa ajili ya filamu ya The Bodyguard. Rekodi ile ni habari ya Whitney na lebo. Utunzi ulibaki wa Dolly, na mrabaha ukamfuata alipo. Tena Marekani redio za kawaida hulipa upande wa utunzi tu, mwimbaji na lebo hawapati kitu. Whitney akipigwa redioni, anayelipwa ni Dolly!

Kazi ya mchapishaji ni kuuhangaikia utunzi huo: kuusajili kwenye taasisi za mirabaha nchi hadi nchi, kuwabana wanaoutumia bure, kuutafutia filamu na matangazo. Akiwa msimamizi tu asiyemiliki, mara nyingi huchukua asilimia 10 hadi 25. Kampuni ikitaka wimbo kwenye tangazo lake, inabisha hodi milango miwili, wa masta na wa utunzi.

Sasa mkataba wa mpwa wangu hausemi popote kwamba lebo itafanya hata moja kati ya hayo. Inabeba mali ya mchapishaji, kazi yake haiitaki.

Nimemwambia akasajili nyimbo zake COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kwa jina lake, aandike nani katunga nini (biti ya rafiki yake nayo ina mwenyewe), kisha aombe kipengele kile kifutwe. Wakikomaa, kiwe usimamizi wa miaka michache kwa asilimia. Masta wachukue.

Wamejibu kwamba wanaongea na mwanasheria wao. Dada yangu ananilaumu, eti namharibia mtoto bahati yake. Haya.