Daftari la maskani: kuwaandika waliozidiwa na unga, na waliorudishwa

Kwenye maskani za pwani, yaani vijiwe vya watumiaji, kuanzia Malindi na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, mtu akizidiwa na unga, yaani heroini, habari yake mara nyingi huishia palepale. Akizinduka, haendi hospitali kwa kuogopa polisi. Akifariki, huzikwa haraka na jamaa husema aliugua ghafla. Rejista za hospitali haziwaoni watu hawa. Anayewaona ni mwelimishaji rika mwenye daftari, na kama daftari hilo limeandikwa ovyo, hakuna mwingine wa kuziba pengo.

Kwanza mkubaliane nani amezidiwa. Anayesinzia kwa stimu lakini ukimwita anaitikia, bado. Aliyezidiwa hazinduki hata ukimsugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi, na pumzi zake ni chache au anakoroma kwa kukwama. Kwa ngozi nyeusi usisubiri kuona rangi ya uso. Mfunue mdomo uangalie fizi na upande wa ndani, kisha kucha. Zikiwa za kijivu, hewa haifiki.

Hapo kazi ni pumzi. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi moja kila baada ya sekunde tano, huku mwenzako akiita msaada na kuandaa naloksoni, dawa inayokata nguvu ya unga. Ampuli ya kawaida ina miligramu 0.4 kwenye mililita moja. Ichome yote kwenye msuli wa paja upande wa nje, hata juu ya nguo. Endelea kumpulizia dakika mbili hadi tatu; asipoanza kupumua vizuri, choma ya pili.

Kosa tunaloliona sana liko kwenye sindano. Maskani imejaa bomba za insulini, na mtu akihangaika huchukua iliyo karibu. Sindano yake ni fupi, mara nyingi haifiki kwenye msuli wa paja, na dawa ikibaki chini ya ngozi inachelewa kufanya kazi. Kila pakiti ya naloksoni iwe na bomba zake, zenye sindano ya namba 23, ile ya kitako cha bluu, urefu wa inchi moja. Ampuli nazo ni za kioo: zifungwe kwenye kitambaa, na zisiachwe kwenye boksi la bodaboda juani.

Maji ya baridi, maziwa, au kuchomwa maji ya chumvi havimrudishi mtu. Vinakula dakika ambazo ubongo unakosa hewa.

Akizinduka ataamka na arosto kali, yale mateso ya kukosa unga, na atataka kete nyingine, yaani kipimo kingine. Msimwache. Naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, na unga unaweza kubaki mwilini baada ya hapo, akazama tena bila kuongeza chochote. Mlazeni ubavu, mkae naye angalau saa mbili. Kama alikunywa methadoni, dawa inayotolewa kliniki badala ya heroini, ambayo hudumu zaidi ya siku nzima, hospitali haikwepeki. Na kama kulikuwa na vidonge vya usingizi, bugizi au valiamu, naloksoni haivigusi. Itakata nguvu ya unga tu, na mtu anaweza kubaki amelala. Muhimu ni apumue.

Sasa daftari. Mstari mmoja ni tukio moja, si ampuli moja. Andika tarehe na saa ya tukio, kisha tarehe uliyoambiwa, kwa sababu habari nyingi hufika siku tatu au nne baadaye. Mtaa, bila nyumba. Jinsia na umri wa kukadiria. Alichoma au alivuta, na alichanganya na nini. Alikuwa peke yake? Alipuliziwa pumzi? Ampuli ngapi? Alipona, alipelekwa hospitali, au alifariki? Ongeza safu moja tunayoithamini kuliko zote: ametoka wapi karibuni. Gerezani, soba hausi (nyumba ya kuachia dawa), au amekatiza methadoni. Tangu Muhimbili ianze kutoa methadoni mwaka 2011, na Kenya kufuata mwishoni mwa 2014, wapo wengi ambao miili yao imesahau kipimo cha zamani. Wakirudia kete zilezile, wanazama.

Jina lisiandikwe kamwe, wala jina la utani, wala namba ya simu. Marekani wana mfumo wa ODMAP, ulioanza 2017, ambao wahudumu wa dharura na polisi huuingizia matukio kwenye ramani. Kwetu, ramani ya aina hiyo ikifika mikononi mwa wanaofanya misako, maskani zitahama na watu watatumia vichochoroni peke yao.

Tukio moja huletwa na watu watatu, kila mmoja na masimulizi yake. Linganisha mtaa, jinsia na saa. Zikikaribiana ndani ya saa tatu, uliza tena kabla ya kufungua mstari mpya. Hesabu ya ampuli ikae ukurasa mwingine, na namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Ukigawa 20 zikarudi 6, usiandike watu 14 wamerudishwa. Tuseme 9 zilitumika kwa watu 6, 2 zilivunjika, 3 zilichukuliwa kwenye msako. Mfadhili akiona 14, atakusifu kwa kazi isiyofanyika, na mwezi ujao utaagiza vibaya.

Pia waliorudishwa wakiongezeka, huenda kilichoongezeka mitaani ni naloksoni, wala si hatari yenyewe. Tazama vifo, na tazama wangapi walihitaji ampuli mbili au zaidi. Hiyo ikipanda ghafla mtaa mmoja, unga umebadilika au umechanganywa. Sisi hatungoji ripoti ya mwezi: matukio matatu ndani ya saa 48 mtaa mmoja, ujumbe unapita maskani zote jioni ileile: anza na robo ya kete, msitumie wote kwa wakati mmoja, mmoja abaki macho na ampuli mfukoni.