Jinsi nilivyowapunguza kamba wa kigeni katika kijito chetu

Kijito kinachopita chini ya shamba langu karibu na Ziwa Bunyonyi, wilayani Kabale nchini Uganda, si kipana. Mtu mzima hukivuka kwa ruko moja. Lakini ndicho kinacholisha mabwawa yangu mawili ya samaki, na humo ndimo walimopitia kamba wekundu wa maji baridi, wenye asili ya kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Ukiiondoa Madagaska, Afrika haikuwa na kamba wa jamii hiyo mpaka watu walipowaleta wafugwe na kuliwa. Jirani zetu wa Kenya waliwatia katika Ziwa Naivasha mwaka 1970, na huko nako walienea kuliko ilivyotarajiwa.

Maji ya bwawa la chini yalipoanza kupungua bila sababu, nililaumu fuko, nikapoteza wiki mbili nikiwatega. Jioni moja niliingiza mkono katika shimo la ukingoni, na kilichonibana kidole hakikuwa na manyoya. Kamba hawa huchimba mashimo wakati wa ukame na wa kuzaa, na ukingo wa udongo wenye mashimo kumi huvuja kama chujio.

Mzee mmoja wa hapa kwetu alinifumia migono saba, yaani mitego ya matete, kila mmoja ukiwa na mdomo wa ndani unaosinyaa kama faneli, ili aingiaye asijue njia ya kutokea. Nilitia vichwa vya samaki kuwa chambo, nikailaza sakafuni mwa kijito machweo, kwa sababu kamba hutembea zaidi usiku, nikaitoa kabla jua halijapanda. Asubuhi ya kwanza ndoo ilijaa nusu, nami nikajiona nimeshinda.

Miezi miwili baadaye ndoo ilikuwa bado inajaa nusu, ila kamba wenyewe walikuwa wadogo. Nilipoanza kuwageuza mmoja mmoja na kuwatazama chini ya tumbo ndipo nilipoelewa kosa langu: wengi niliokuwa nikiwanasa tangu mwanzo walikuwa madume, kwanza wale wakubwa, ambao ndio wanaokimbilia chambo, ilhali majike wenye mayai hujificha mashimoni na wadogo hupenya kwenye matundu ya mgono. Kwa hiyo nilikuwa nikiwaondoa wakubwa, ambao huwala wadogo, na kuwaachia watoto nafasi na chakula.

Nilibadilisha mambo matatu, na la kwanza ndilo lililonigharimu jasho. Nililikausha bwawa la chini, nikafukua mashimo yote ya ukingo kwa jembe pamoja na vijana wawili, tukakuta majike waliojikunja, mayai meusi yameshikamana chini ya mikia yao kama mtama kwenye suke. Jike mmoja hubeba mamia. Kisha nilifumiwa migono mingine minne yenye matundu madogo. Mwisho, niliporejesha maji, nilipandikiza kambale badala ya ngege peke yao, kwa kuwa kambale mkubwa humla kamba bila kusita.

Kuna jambo ambalo sijivunii. Ziwa letu lina fisi maji, na kamba ni chakula chao kikubwa siku hizi. Usiku mmoja mtoto wa fisi maji alifuata chambo, akashindwa kutoka, akazama. Tangu hapo kila mdomo wa mgono nimeufunga kwa fito ili usipite zaidi ya vidole vitatu, na mgono wenyewe naulaza ukiwa na sehemu juu ya maji, ili mnyama mwingine akiingia kwa bahati mbaya apate pumzi.

Wanunuzi wapo: hoteli za kando ya ziwa huwapikia wageni kamba hawa. Mimi hata hivyo siwauzi wakiwa hai. Kijana mmoja alinijia na ndoo, akaniambia, "Mzee, nipe ishirini tu, nikawatie katika kijito cha kwetu." Nilimpa kumi na wanane waliokwisha kuchemshwa, nikamweleza kuwa kamba hai hutembea hata nchi kavu usiku wenye umande, maadamu mashavu yake hayajakauka, na kwamba atakayemtia katika kijito hatamtoa tena. Hakufurahi, ingawa aliwala palepale kwa chumvi.

Bwawa la chini halijavuja tangu mvua za Machi. Migono mingi nimeiweka darini, lakini mmoja bado naulaza penye lango la maji kila jioni, na asubuhi nyingi huwa na wawili au watatu, wakubwa kwa wadogo.