"Nimekwisha Kupona": Fikra Zinazowarudisha Watu kwenye Pombe

Kwa muda mrefu sasa nimeishi karibu na watu walioacha pombe: mdogo wangu wa kiume, mume wa jirani yetu hapa Kadutu, mtaa wa mji wa Bukavu mashariki mwa Kongo, na vijana kadhaa tunaosali nao. Nimefika kuamini kwamba kiu ya kanyanga, pombe kali ya kienyeji, ijapokuwa ni kubwa, si adui anayewaangusha wengi wao. Kinachowaangusha ni fikra zinazoingia taratibu baada ya kiu kupungua, na inayonitia hofu kuliko zote ni ile ya mtu kujitangazia kwamba amekwisha kupona.

Hapa Bukavu fikra hiyo inapata nguvu zaidi kwa sababu tunaisherehekea. Mtu akikaa wiki chache bila kunywa, anaitwa mbele ya waumini katika chumba cha maombi kutoa ushuhuda. Watu wanapiga makofi, akina mama wanapiga vigelegele, naye anasema kwamba pepo la ulevi limemtoka na halitarudi tena. Mimi ni muumini na sina neno baya juu ya sala, kwa maana nimeona jinsi ilivyowashika watu siku ambazo hapakuwa na kitu kingine cha kuwashika. Lakini ushuhuda wa namna hiyo unamfunga mtu mdomo. Akipita jioni karibu na nganda, yaani baa, na mate yakamjaa kinywani, atamwambia nani? Akikiri kwamba bado anatamani, ataonekana kuwa alidanganya mbele ya Mungu na mbele ya watu. Basi ananyamaza, na katika kunyamaza huko anaanza kujipima: bia moja tu kwenye harusi, ili ajue kama kweli amepona.

Madaktari hawazungumzi hivyo. Wao wanauhesabu uraibu miongoni mwa magonjwa ya kudumu, na takwimu zinazotajwa sana zinaonyesha kwamba kati ya watu 100 waliotibiwa, 40 hadi 60 hurudia wakati fulani, kiwango kinachokaribiana na cha wagonjwa wa shinikizo la damu au pumu ambao dalili zao hurudi. Mgonjwa wa presha hasimami kutangaza kwamba amemalizana na vidonge. Anapimwa, anameza dawa, anapunguza chumvi, na siku kipimo kikipanda anarudi kwa daktari bila aibu. Waanzilishi wa Alcoholics Anonymous, kikundi kilichozaliwa mjini Akron, Marekani, mwaka 1935, walilielewa jambo hili mapema: mtu hujitambulisha kwa wenzake kuwa ni mlevi hata baada ya miaka mingi bila kunywa, na hujiwekea ahadi ya siku moja moja. Wengi hapa kwetu wataona kwamba huko ni kujilaani kwa ulimi wako mwenyewe. Mimi naona kunampa mtu ruhusa ya kusema ukweli siku anapozidiwa.

Kiburi hicho hicho kinaweza kuua hata kabla safari haijaanza. Kuna wanaoamini kwamba mwanaume wa kweli huacha mwenyewe, kwa siku moja, kwa kufunga na kusali, bila kumwona daktari. Kwa mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, kuacha ghafla kunaweza kuleta mtetemeko na jasho, kisha degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne kuchanganyikiwa kabisa, akaona wadudu ukutani na kusikia sauti za watu wasiokuwapo. Wanaomzunguka hudhani pepo linapigana, wanaongeza sauti ya maombi, huku mgonjwa anahitaji maji, vitamini B1, dawa za kutuliza na uangalizi wa hospitali. Bukavu tuna kituo cha magonjwa ya akili cha SOSAME, lakini familia nyingi husita kumpeleka mtu huko kwa kuogopa majirani watasema nini.

Fikra nyingine, ambayo kwetu nyumbani imeleta maneno mengi kuliko pombe yenyewe, ni ile ya kudai kulipwa. Mtu anaacha kunywa na papo hapo anataka kuaminiwa, kukabidhiwa pesa za duka, kuheshimiwa na watoto aliowaamsha usiku kwa kelele. Mama yetu alikuwa na desturi moja: mdogo wangu akimaliza chai, Mama alichukua kikombe kwenda kukiosha, na kabla ya kukitia majini alikisogeza puani. Alifanya haraka, akidhani hatumwoni. Mdogo wangu alimwona, akakaa siku nzima bila kusema na mtu, na jioni aliniambia mimi mkubwa wake, "Yaya, kama hawaniamini nikiwa mzima, nanyimwa nini nikilewa?" Nilimjibu kwamba Mama alinusa vikombe kwa miaka mingi na pua yake haiwezi kuacha kwa sababu yeye ameacha. Hakufurahi, lakini tangu siku hiyo kikombe chake anampelekea Mama mwenyewe mkononi, nami naheshimu jambo hilo kuliko ushuhuda wowote niliousikia.

Chuki nayo ni jirani wa madai hayo. Tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025, nimesikia mara nyingi watu wakisema kwamba kwa yale tuliyoyaona, asiyekunywa ndiye wa kushangaza. Sibezi maumivu hayo. Tumezika watu, na wengi wamepoteza kazi. Ila nimewatazama wanaoshikilia sentensi hiyo, nikaona kwamba huitumia kila siku, hata siku ambayo hakuna lililotokea, na kwamba pombe haijawarudishia hata kimoja katika walivyopoteza.

Halafu kuna siku ya kujikwaa. Mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt, ambaye mwaka 1985 alitoa pamoja na Judith Gordon kitabu kuhusu kuzuia kurudia, alieleza kwamba jambo la kuangaliwa si kikombe cha kwanza peke yake, bali pia maana ambayo mtu anakipa. Anayejiambia kwamba ameharibu yote na kwamba yeye ni mtu bure, huendelea kunywa ili asiisikie aibu hiyo. Anayejiambia kwamba amekosea, kisha akatafuta kilichomfikisha hapo, ana nafasi kubwa zaidi ya kusimama. Kwa wanaorudia kwa hasira ya kukata tamaa kuna hatari nyingine: mwili uliokaa miezi bila pombe hauwezi tena kubeba kiasi ulichokizoea, na kipimo cha zamani kinaweza kumuua mtu usiku mmoja. Mtu aliyetangazwa kuwa amepona ndiye anayejificha zaidi siku hiyo, akanywa peke yake mahali ambapo hakuna wa kumwona akizimia.

Kwa sababu hiyo nilimwomba kiongozi wa chumba chetu cha maombi awaruhusu walioacha pombe kusimama tena kusema kwamba wametamani, au hata kwamba wameanguka, bila kuondolewa katika kwaya wala kuwekewa mikono kana kwamba wana pepo jipya. Amekubali tuanze na kikao cha watu wachache, Jumamosi baada ya sala, bila kipaza sauti na bila makofi. Mume wa jirani amekwisha kusema atakuja. Mdogo wangu bado anafikiria, nami sijamsukuma.