Andika na mtoto mchanga: sensa na basi letu la Abilene

Aliyepita Nyarugusu, kambi ya wakimbizi nchini Tanzania, hahitaji kufundishwa faida ya kuhesabiwa. Kule kambini Kigoma kadi ya posho ilionyesha saizi ya familia, na unga, maharage, mafuta na chumvi vilipimwa kwa saizi hiyo. Mtoto akizaliwa, baba alikwenda mbio kumwandikisha hata kabla mashangazi hawajakubaliana jina. Siku ya uhakiki watu waliacha shamba, wakaahirisha na harusi, wakapanga foleni tangu alfajiri.

Ndiyo maana naumia kuona watu wale wale, wakishafika hapa Abilene, Texas, wanapoulizwa mko wangapi, wanapunguza.

Kazi yangu ni ukalimani. Mwaka 2020 nilizisaidia familia kadhaa kujibu maswali ya sensa. Nyumba moja ya wenzetu wa Fizi, mashariki mwa DR Congo, baba alitaja watu wanne: yeye, mkewe na watoto wawili wanaosoma. Wakati huo kichanga kinalia mgongoni mwa mama, na mpwa wao aliyetoka zamu ya usiku amejifunika blanketi kwenye kochi. Nikauliza, "Na hawa?" Akainamisha sauti: "Dada, mkataba wa nyumba una watu wanne."

Simlaumu. Nyumba ya kupanga ikikuponyoka hapa, kupata nyingine ni shida kubwa. Tena wengi wetu hatujawahi kuona sensa ya kweli. Kongo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Lakini yafaa kila mtu ajue: majibu ya sensa ya Marekani hayaendi kwa mwenye nyumba, wala polisi, wala uhamiaji. Sheria inafunga majina kwa miaka 72, na mfanyakazi wa sensa anayetoboa siri anaweza kufungwa hadi miaka 5 au kutozwa faini hadi dola 250,000. Fomu ya 2020 haikuuliza uraia hata kidogo. Serikali ilitaka kuliingiza swali hilo, Mahakama ya Juu ya Marekani ikalizuia mwaka 2019. Fununu ya swali lile ilibaki vichwani mwa watu hata baada ya swali lenyewe kuondolewa.

Sasa nije kwenye basi, kwa sababu watu hunishangaa nikisema kuhesabiwa kunagusa hata basi letu.

Serikali ya Washington hugawa kila mwaka fedha za usafiri wa umma kwa kanuni maalumu. Maeneo ya mijini yenye watu 50,000 na zaidi yana fungu lao. Chini ya hapo unahesabiwa shamba, unakwenda fungu jingine. Miji mikubwa yenye watu 200,000 au zaidi hupimwa pia kwa maili ambazo mabasi yake yanatembea. Sisi wa miji midogo, kwa sehemu kubwa hatupimwi hivyo. Msingi wa mgawo wetu ni idadi ya watu, msongamano wao, na wangapi kati yao wana kipato cha chini. Abilene ilihesabiwa watu 125,182 mwaka 2020, kwa hiyo kichwa cha mtu kina uzito hapa kuliko Dallas. Tena mji wa ukubwa wetu unaruhusiwa kutumia fedha hizo hata kwa mshahara wa dereva na mafuta, mradi nusu ya gharama itoke kwingine. Ukinunua basi jipya, Washington inaweza kubeba hata asilimia 80 ya gharama.

Na hesabu hiyo ya watu haibadiliki kila mwaka. Mipaka ya maeneo ya mijini iliyotokana na sensa ya 2020 ilitangazwa Desemba 2022, ikaanza kutumika kwenye mgawo wa fedha wa 2024. Kichanga kile kisichoandikwa sasa kiko shuleni, na bado hakimo kwenye mgawo. Mama yake hana gari. Akienda kliniki anapanda basi, anakunja kigari cha mtoto kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mfuko wa sokoni.

Mwaka 2022 Ofisi ya Sensa yenyewe ilikiri kwamba majimbo 6 yalihesabiwa pungufu, Texas ikiwemo. Kitaifa, watu weusi walihesabiwa pungufu kwa asilimia 3.3, watoto wa chini ya miaka 5 kwa karibu asilimia 2.8, na wapangaji nao walihesabiwa pungufu. Familia ya Kikongo ya hapa mjini iko ndani ya makundi yote matatu.

Kuna na suala la lugha. Mwaka 2020 uliweza kujibu kwa intaneti au simu kwa Kiingereza na lugha nyingine 12. Kiswahili hakikuwemo, tulipewa mwongozo tu. Wachungaji na viongozi wa jumuiya zetu, kuanzia Texas hadi Maine, nawaomba tuiandikie Ofisi ya Sensa mapema kabla ya 2030, tudai kujibu kwa lugha yetu.

Mimi nimeanza na makanisa ya hapa. Ibada ikiisha natoa fomu ya 2020 na tunasoma swali la pili, lile linalouliza kama kuna waliokaa nyumbani siku ya hesabu wakasahauliwa. Limewataja waziwazi: watoto wachanga, wajukuu, binamu, wakwe, hata anayelala kwako kwa muda. Nawaambia mpwa wa kwenye kochi yumo humo.