Kobe Barazani
Kila Jumamosi jioni, hapa Ngamiani, Tanga, watoto wa jirani huketi barazani kwetu kumtazama kobe wetu akila mchicha, nami huwaomba wautazame mdomo wake kwa makini mpaka wagundue wenyewe kwamba hana hata jino moja. Wengi hudhani gamba ni nyumba anayoweza kuihama, ilhali limeungana na mbavu na uti wa mgongo wake, na likiguswa yeye huhisi. Juzi binti mmoja aliyekuwa akimwogopa sana alilipapasa kwa kidole kimoja, akaninong'oneza, "Mjomba, kumbe lina moto kama bati!" Nikamweleza kwamba kobe hutegemea jua kuupasha mwili wake. Kabla ya kuondoka wote hunawa kwa sabuni, kwa kuwa hata kobe mwenye afya huweza kubeba bakteria wa salmonela.