Saa Moja na Nusu, Kisoro

Baba yangu alistaafu kazi ya upolisi miaka mingi iliyopita, lakini saa yake ya mkononi haikustaafu naye. Sisi watoto wake tulikulia katika kota za polisi za Nsambya mjini Kampala, ambako watoto wa Waacholi, Wateso, Walugbara na Wanyankole walicheza katika uwanja mmoja na kuelewana kwa Kiswahili, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha iliyotumiwa na polisi na wanajeshi wa Uganda tangu enzi za Waingereza. Nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kusema neno redio ilipokaribia kutangaza habari, maana Baba alikuwa amekwisha kuivua saa yake na kukishika kile kitufe kidogo cha pembeni kwa vidole viwili, akisubiri mlio wa mwisho ili airekebishe. Safari ikiwa ya saa mbili asubuhi, saa moja tayari alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu vimefungwa kamba, kofia juu ya goti.

Mnamo Desemba 2017 alitimiza miaka 75, na kaka yangu nami tukakubaliana kuwapeleka wazazi mapumzikoni Kisoro, wilaya ambayo Baba aliwahi kupangiwa kazi akiwa kijana na ambayo Mama alikuwa akiisikia tu katika masimulizi. Tuliondoka Kampala kabla ya mapambazuko, tukapita mstari wa ikweta pale Kayabwe, kisha Masaka, Mbarara na Kabale, na alasiri tukauvuka msitu wa mianzi wa Echuya. Barabara ilipoanza kuteremka kutoka Kanaba, milima mitatu ya volkano ilijitokeza mbele yetu kwa pamoja: Muhabura wenye mita 4,127, Mgahinga ulio mfupi kuliko wenzake, na Sabinyo wenye kilele kilichochongoka kama meno. Mama alimwomba kaka asimamishe gari, akashuka, akasimama kando ya barabara bila kusema kitu kwa muda mrefu.

Siku mbili kabla ya safari nilikuwa nimepiga simu katika mgahawa mmoja mdogo wa mjini Kisoro ili kuweka nafasi ya meza ya watu sita kwa ajili ya chakula cha jioni cha kumpongeza Baba. Mwanamke aliyepokea alinieleza mambo kwa utaratibu mzuri. Alisema kwamba meza zinazotosha watu sita zilikuwa mbili tu, kwamba Desemba ni mwezi wa watalii wanaokuja kuwaona sokwe wa milimani, na kwamba nyama ya mbuzi kwa watu sita ilipaswa kuagizwa mapema, kwa sababu walipikia sigiri na hawakupenda kumwekea mgeni chakula kilichopashwa moto. Tulikubaliana saa moja na nusu usiku. Nilituma shilingi 50,000 kwa simu kama kianzio, naye akarudia muda ule mara mbili, akiongeza kwamba mpishi huondoka saa tatu na nusu.

Lazima nikiri kwamba sikumsikiliza kwa uzito aliostahili. Katika Kampala niliyoizoea, ambako foleni ya magari hukubaliwa kuwa udhuru hata na mtu aliyetoka mtaa wa pili, ahadi ya meza huwa ni namna ya salamu tu. Nimewahi kuchelewa saa nzima katika hoteli kubwa ya mjini na kupokewa kwa shukrani, kama mtu aliyewahi.

Siku yenyewe, mchana, Baba aliomba tumpeleke Cyanika auone tena mpaka wa Rwanda. Si mbali kutoka mjini. Tulisimama upande wetu tukiwatazama wachuuzi wakivuka na mizigo yao kichwani, na Baba akatuonyesha mahali ambapo, kwa kumbukumbu yake, palikuwa na kibanda cha mabati alichokilinda usiku kucha kwenye baridi. Wakati anasimulia, simu yangu ilitetemeka. Ulikuwa ujumbe wa kunikaribisha Rwanda pamoja na bei za kupiga simu nikiwa huko. Nilimsomea wifi yangu, naye akacheka akasema kwamba simu yake nayo imekwisha kuhama nchi. Tukarudi katika nyumba ya wageni tuliyofikia, iliyokuwa mlimani, ikiutazama mpaka moja kwa moja, na sikulifikiria tena jambo hilo.

Rwanda hufuata saa za Afrika ya Kati, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na majimbo ya mashariki ya Kongo hufanya hivyo hivyo. Kisoro basi imekaa katika pembe ya nchi iliyozungukwa na majirani ambao kwao saa nzima bado haijafika; mipaka ya nchi hizo tatu hukutana juu ya kilele cha Sabinyo, ambacho tulikuwa tukikitazama kutoka barazani. Simu za siku hizi hupokea saa kutoka kwenye mnara wa mtandao zinaoushika, na mnara ulio juu ya kilima cha Rwanda hautambui mpaka. Nayajua hayo sasa. Jioni ile nilijua tu kwamba nina simu mpya ya bei ghali na kwamba Baba ana saa ya zamani.

Alitoka chumbani akiwa tayari kabisa: koti la sufu, tai, kofia. Akaketi kwenye kiti cha mianzi barazani.

"Ni saa moja kasorobo," alisema. "Wenzako wako wapi?"

Nilitazama simu. "Bado, Baba. Ni saa kumi na mbili kasorobo. Pumzika kwanza."

Aliinua mkono, akaitazama saa yake, akanitazama mimi. "Hii inasema saa moja kasorobo."

Hapo ndipo nilipotamka maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka natamani kuyameza. Nilimkumbusha kwamba mwezi Oktoba betri ya saa ile iliisha bila mwenyewe kutambua, akafika kwenye arusi ya mtoto wa rafiki yake wakati watu wanakunja viti. Ni kweli alikuwa amekwisha kumpelekea fundi wa Owino akaiwekea betri mpya, na ni kweli pia kwamba tangu siku hiyo haikuwahi kukosea hata dakika moja, lakini katika familia habari ya viti ilikuwa imegeuka kichekesho, na mtu akishafanywa kichekesho ushahidi wake haupokelewi. Baba hakubishana. Alishusha mkono wa koti ukaifunika saa, akaendelea kukaa.

Ningeweza kuuliza kwingine, lakini kila mlango ulikuwa umefungwa. Kaka alikuwa amelala kwa uchovu wa kuendesha, simu yake imezimwa iko kwenye chaji. Simu ya wifi ilikuwa mikononi mwa binti yake, nayo ilisema kama yangu, jambo ambalo nililichukua kuwa uthibitisho wa shahidi wa pili. Saa ya gari haikuwahi kurekebishwa tangu gari lilipotoka Japani. Jua lenyewe lilijaribu kunionya. Lilizama wakati simu inaonyesha saa kumi na mbili na dakika chache, na muda mfupi baadaye giza likawa nene kiasi cha kuwashiwa taa. Nami, mtu niliyeishi maisha yangu yote karibu na ikweta ambako jua halibadilishi ratiba yake, nilimwambia Mama kwamba huku milima hulimeza jua mapema. Kumbe kwa kuwa Kisoro iko magharibi zaidi, huko jua huzama dakika kama kumi baada ya kuzama Kampala.

Baba aliuliza "Bado?" mara tatu. Mara zote tatu nilijibu, "Bado, Baba." Baada ya hapo hakuuliza tena. Nilikuwa naingia na kutoka, nikipiga pasi gauni la mtoto, nikitafuta kadi tuliyomnunulia, na kila nilipopita niliona kofia yake haijasogea, mikono imelala juu ya magoti, baridi ya milimani ikizidi. Alikaa pale karibu saa moja na nusu.

Tulifika mgahawani simu ikisema saa moja na dakika ishirini na tano, nami nikijisifu moyoni kwamba tumewahi kwa dakika tano. Mlinzi wa getini alimwona Baba jinsi alivyonyooka, akakaza miguu na kumwambia, "Jambo, afande." Baba akaitikia kwa heshima ile ile. Ndani, juu ya kaunta, saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika ishirini na tano.

Dada aliyetupokea ndiye niliyezungumza naye kwa simu, niliitambua sauti. "Tulidhani mmeghairi," alisema. "Nimekupigia mara nne, hupatikani." Nilimwonyesha simu yangu kama mtu anayetoa hati ya kujitetea. Aliitazama mara moja tu, akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea, "Hiyo iko saa ya hapa au saa ya ng'ambo?"

Walikuwa wametungoja hadi saa mbili. Kisha meza yetu walipewa watalii sita waliokuwa wametoka kuwatazama sokwe huko Mgahinga, wenye matope hadi magotini, na pamoja na meza walipewa mbuzi wetu. Niliwaona wakimla. Sikuwa na neno la kumlaumu yeyote, ingawa nililitafuta kwa bidii. Yule dada alituunganishia meza mbili ndogo karibu na mlango wa jikoni, akatuletea viazi, kabichi, maharage na sahani mbili za nyama iliyobaki, ambazo Mama alizigawa kwa kijiko kama tulivyokuwa wadogo. Kianzio changu alikihesabu katika bili bila kuombwa. Mpishi, aliyekuwa tayari amevaa jaketi la kuondokea, alikuja kumpa Baba mkono.

Nilimwomba Baba msamaha mbele ya wote. Alitafuna kwanza, akameza. "Viazi vya huku ni vitamu," alisema. "Nilikuwa nimevisahau."

Siku iliyofuata tulikuwa na meza nyingine, saa saba mchana, mahali penye kuuza samaki kando ya ziwa Mutanda. Nilikuwa nimeapa kutochelewa tena. Kwa kuwa nilijua kwamba simu iko nyuma kwa saa moja, kila nilipoitazama niliongeza saa moja, na ilipoonyesha saa tano na nusu niliwakimbiza wote garini nikisema kwamba tumebakiza nusu saa. Kumbe usiku ule simu ilikuwa imeshika tena mnara wa Uganda na kujirekebisha yenyewe. Kumwuliza Baba saa niliona aibu. Yeye aliingia garini wa kwanza, akafunga mkanda, akanyamaza.

Tulifika saa sita kamili. Viti vilikuwa bado vimepinduliwa juu ya meza, na kijana mmoja alikuwa akifagia majani. Nilipomgeukia Baba na kumwuliza kwa nini hakuniambia, alijibu kwamba hakuna aliyemwuliza. Kisha akajishushia kiti mwenyewe, akakigeuza kikatazama maji na milima, akavua kofia. Sijamwona akiwa na furaha kama ile katika safari nzima. Alimsimulia mjukuu wake habari za kile kibanda cha mabati, alisalimiana na kila mvuvi aliyepita, na alikunywa chai vikombe vitatu.

Saa saba ikafika, samaki hawajafika. Wavuvi walikuwa wamechelewa kwa sababu ya upepo, tukaambiwa. Kisha tukaambiwa mafuta yamekwenda kununuliwa mjini. Kaka alianza kunung'unika, wifi akamfungulia mtoto biskuti. Baba peke yake hakuwa na haraka yoyote. Hatimaye yule kijana alipotoka jikoni amebeba sinia kwa mikono miwili, Baba alipandisha mkono wa koti na kuitazama saa yake.

"Saa nane na dakika thelathini na mbili," alisema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia zamani kusomea kitabu cha matukio kituoni.

"Ndiyo, mzee," kijana akajibu, akaweka samaki mezani.